Maji Yanayoingia Injini Inapowaka: Kuutafuta Mvujo Kwenye Mashua ya Tanga

Lalamiko hili hurudiwa na wenye mashua za tanga karibu kwa maneno yaleyale. Chombo kikiwa kimetia nanga, ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ni kavu. Kikienda kwa tanga, ngama ni kavu au ina unyevunyevu tu. Lakini siku upepo ukilala, injini ikawashwa na safari ikachukua saa mbili au tatu, mbao za sakafu zikifunuliwa banduru, yaani shimo la ngama linalokusanya maji, hukutwa imejaa maji. Hapo wengi hushika spana na kwenda moja kwa moja kukaza nati ya glandi ya shafti, yaani kizibo cha maji pale mhimili wa rafadha (pangaboi) unapotoka chomboni, kwa kuwa ndiyo sehemu inayojulikana kuvuja. Wapo wanaopatia. Wapo pia wanaokaza kitu kisichokuwa na kosa lolote, shafti ikapata moto na kuanza kuchimbika, na maji yakaendelea kuingia kama jana.

Mvujo unaojitokeza wakati wa injini pekee umekwisha kukupa nusu ya jibu, kwa sababu umekuambia kwamba tundu au ufa uliopo haupitishi maji mpaka kitu fulani kibadilike chomboni. Kwa hiyo swali la kuanzia si mahali gani pamelowa, bali ni nini kinachobadilika injini inapowaka. Yanayobadilika ni matano. Pampu ya maji ya bahari huanza kusukuma maji kwa nguvu ndani ya mipira na mabomba. Joto hupanda, na vitu hutanuka. Shafti huanza kuzunguka. Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, huzama zaidi majini kadiri mwendo unavyoongezeka. Na mtikisiko hupita katika kila klipu na kila kiungo. Kazi yote ya kuutafuta mvujo ni kuyatenganisha mambo hayo, moja baada ya jingine, mpaka maji yaonekane pamoja na moja na yasionekane pamoja na mengine.

Je, maji hayo ni mageni?

Kabla ya kuilaumu injini, hakikisha kwamba maji unayoyaona yameingia wakati wa injini kweli. Mashua inayokwenda kwa tanga huinama, na maji yaliyoingia kupitia sitahani au dirishani hukusanyika ubavuni, nyuma ya makabati, juu ya mataruma (mbavu za chombo) na katika vyumba vidogo vya chini ya vitanda, mahali ambapo mwinamo unayazuia kufika katikati. Tanga likishushwa na injini ikawashwa, chombo husimama wima, na maji yale hutiririka polepole hadi banduruni. Mwenye chombo huona maji yanaongezeka huku injini ikinguruma, akaamini kwamba injini ndiyo inayoyaleta, ilhali yalikuwamo chomboni tangu asubuhi.

Dawa yake ni kukausha kila pembe kabla ya jaribio, si banduru peke yake. Fungua makabati ya chini, pitisha waya katika vitundu vya kupitishia maji kati ya taruma na taruma ili visiwe vimeziba kwa takataka, kisha fua maji yote na ufute kwa tambara mpaka tambara litoke kavu. Halafu toka gatini kwa injini tangu mwanzo, bila kupandisha tanga hata mara moja. Maji yakionekana safari hiyo, ni mageni.

Maji yenyewe yanasema nini

Mabaharia wengi huyaonja maji ya ngama ili kujua kama ni ya chumvi au matamu. Sishauri tabia hiyo kwenye chombo chenye injini. Ngama huwa na dizeli na oili, na ikiwa maji hayo yamechanganyika na kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, basi huenda yana ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu na ni sumu. Njia salama na ya uhakika ni kudondosha matone machache kwenye kijiko safi na kuyaacha yakauke juani au juu ya moto mdogo. Maji ya bahari huacha ukoko mweupe wa chumvi, kwa kuwa kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji ya tangi huacha doa hafifu au yasiache chochote.

Tia pia mkono katika maji hayo mara tu unapoyaona. Maji ya bahari yaliyo vuguvugu yamekwisha kupita katika injini, na hilo huondoa kwenye orodha glandi, usukani na koki zote za chini (vali za matundu ya maji yaliyo chini ya chombo) kwa mara moja. Yakiwa na masizi meusi yanayoelea au yanayobaki kwenye tambara, yametoka katika ekzosi. Yakiwa na rangi ya kijani, ya waridi au ya buluu na yanateleza vidoleni, ni kulanti, na kiwango katika chupa ya akiba ya kulanti kitakuwa kimeshuka. Mvujo wa namna hiyo hauzamishi chombo, lakini utaiunguza injini.

Maji matamu yanayoonekana siku za injini tu yana sababu moja ambayo husahauliwa sana, nayo ni tangi la maji ya moto. Katika mashua nyingi tangi hilo hupashwa na kulanti ya injini, na maji yakitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80 za Selsiasi hutanuka kwa karibu asilimia 2.7. Kwa tangi la lita 40, hiyo ni zaidi kidogo ya lita moja ambayo haina pa kukaa, kwa hiyo vali ya usalama hufunguka na kuimwaga, na mara nyingi mpira wa vali hiyo umeelekezwa ngamani. Nimewahi kumwona mtu akibadilisha mipira ya maji matamu yote chomboni kwa ajili ya lita hiyo moja. Funga chupa mdomoni mwa mpira wa vali ya usalama kabla ya kuwasha injini. Chupa ikijaa, umepata jibu, na tiba ni tangi dogo la kupokea mtanuko. Ikiwa chupa ni tupu lakini pampu ya maji matamu inajiwasha yenyewe wakati hakuna bomba lililofunguliwa, mvujo uko katika kiungo cha mpira wa maji matamu ambacho mtikisiko umekilegeza.

Hesabu ya matone

Pima kiasi. Fua maji yote kwa ndoo yenye alama za lita na uandike saa ulizotumia injini. Hesabu hii ndogo huokoa muda mwingi. Matone 20 hivi hutengeneza mililita moja. Glandi ya kawaida ya pakingi inaruhusiwa kudondosha matone mawili au matatu kwa dakika shafti inapozunguka, na matone matatu kwa dakika ni kama mililita 9 kwa saa. Safari ya saa 10 italeta chini ya mililita 100, yaani kikombe kidogo cha kahawa. Ukikuta lita 10 baada ya saa tano, hiyo ni lita mbili kwa saa, sawa na matone zaidi ya 600 kwa dakika, na matone 600 si matone tena, ni mchirizi. Mchirizi huonekana kwa macho na tochi ukiangalia mahali panapostahili, kwa hiyo usikubali maelezo kwamba glandi imelegea kidogo tu.

Kutenganisha sababu hatua kwa hatua

Kazi hii inahitaji watu wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine chini na tochi. Anayekwenda chini avae mikono mifupi, afunge nywele, avue mnyororo wa shingoni, na asipitishe mkono karibu na mkanda au shafti inayozunguka. Badala ya kuingiza kichwa, tumia kioo kidogo cha mpini au simu iliyofungwa kwenye fimbo ikirekodi video, kwani simu huona upande wa chini wa mpira ambao jicho halifiki. Hewa ipite vizuri, kwa sababu mvujo wa ekzosi unaotoa maji unaweza pia kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua.

Tandaza karatasi za shashi kavu chini ya injini, chini ya pampu ya maji ya bahari, kandokando ya mpira wa ekzosi kwa urefu wake wote, chini ya glandi, chini ya mhimili wa usukani na katika kila chumba cha tezi. Karatasi ina sifa ambayo ngama haina: hubaki na alama pale tone lilipoangukia, hata baada ya maji kukimbilia kwingine. Pale karatasi isipokaa, kwa mfano kwenye ukuta uliosimama, paka unga wa chaki. Tone likipita huacha njia nyeusi ndani ya weupe, nawe unaifuata kuelekea juu mpaka inapoanzia.

Kisha fanya hivi, ukikagua karatasi mwishoni mwa kila hatua na kubadilisha zilizolowa. Acha chombo saa moja kikiwa kimefungwa gatini, injini imezimwa, koki zote zimefunguliwa. Washa injini bila gia kwa mzunguko wa chini, dakika 20. Pandisha mizunguko hadi ile ya safari, bado bila gia, mpaka injini iwe na joto lake kamili. Punguza, tia gia ya mbele kwa nguvu ndogo huku kamba za gatini zikiwa imara, ili shafti izunguke ilhali tezi haijazama. Ukimaliza, toka baharini na uende kwa mwendo wa pole, kisha kwa mwendo wa safari, kisha kwa dakika 10 kwa mwendo wa juu.

Maji yakija kabla ya kutia gia, shughulikia njia ya maji ya kupozea na ekzosi. Yakija ulipotia gia gatini, shughulikia shafti. Yakisubiri mpaka mwendo uwe mkubwa, shughulikia tezi. Kuna mivujo inayovuka mipaka hiyo, lakini si mingi.

Maji yakija bila gia

Gawanya njia ya maji ya bahari sehemu mbili, kabla ya pampu na baada yake, kwa sababu pande hizo mbili huvuja kwa namna tofauti kabisa. Upande wa kuvuta, yaani kutoka koki ya chini, chujio na mpira unaoingia kwenye pampu, una mvuto wakati injini inafanya kazi. Ufa ulio upande huo huvuta hewa injini inapowaka, na kama uko chini ya usawa wa bahari hudondosha maji injini inapozimwa. Dalili yake ni mapovu ndani ya chujio na maji ya ekzosi yanayotoka kwa kukatikakatika. Kwa hiyo, mvujo unaoonekana injini ikiwaka na kukoma ikizimwa karibu kila mara uko upande wa kusukuma, na usipoteze saa nzima ukikagua chujio.

Anza na pampu yenyewe. Kati ya sehemu ya impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, na sehemu inayoshikana na injini kuna sili mbili, moja ya kuzuia maji na nyingine ya kuzuia oili, na katikati yake, upande wa chini wa pampu, kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi. Kitundu hicho kikidondosha maji, sili ya maji imekwisha. Asikudanganye mtu kukiziba. Kikizibwa, maji ya chumvi yatabaki ndani, yataila beringi, na katika pampu zinazoendeshwa na gia za injini yanaweza kuvuka hadi kwenye oili. Tone likitoka kwenye kifuniko cha mbele, ni gasketi au skrubu iliyolegea, na hilo ni jambo la dakika 15.

Endelea hadi kwenye kibadilisha joto, mahali ambapo maji ya bahari hupoza kulanti. Angalia vifuniko vyake vya mwisho na plagi yenye kipande cha zinki; mvujo wa muda mrefu hujitaja wenyewe kwa ukoko mweupe, na palipo na shaba ukoko huwa wa kijani. Kutoka hapo maji hupanda kwenye upinde wa bomba uliopitishwa juu ya usawa wa bahari, ambao kileleni mwake kuna vali ndogo ya hewa. Kazi ya vali hiyo ni kuukata mvuto wa sifoni injini inapozimwa. Ikiwa na chumvi na kushindwa kufunga, hutema maji mizunguko inapopanda, na maji hayo humwagikia mbali na injini kwa kuwa upinde kwa kawaida umefungwa juu, nyuma ya ubao. Wengine huikaza au kuibandika gundi ili iache kutema. Kufanya hivyo ni hatari kubwa kuliko mvujo wenyewe: vali isiyopitisha hewa huruhusu bahari kuendelea kujivuta baada ya injini kuzimwa, hadi mafla, yaani chombo cha kupunguza kelele za ekzosi, ijae na maji yarudi kwenye silinda. Ioshe kwa maji matamu ya moto, au ibadilishe.

Halafu kuna kiwiko cha ekzosi, mahali ambapo maji ya bahari hukutana na moshi. Chuma chake huliwa kutoka ndani, na mara ya kwanza hutoa si tone bali doa la kutu lenye masizi na mvuke mwembamba. Kiwiko kikifika hapo hakitengenezeki kwa kubandika, kinabadilishwa.

Baada ya kiwiko maji na moshi hupita pamoja katika mpira mnene hadi kwenye mafla, na kutoka mafla hadi kwenye tundu la tezi. Kwangu mimi sehemu hii ndiyo iliyonifundisha thamani ya karatasi. Mashua yangu ilikuwa ikikusanya lita nne hivi kwa kila saa mbili za injini, nami nilikuwa nimekwisha kubadilisha pakingi ya glandi bila kupungua hata lita moja. Siku niliyotandaza karatasi, hatua ya mzunguko wa chini haikuacha alama yoyote. Nilipopandisha mizunguko na injini ikapata joto, karatasi mojawapo chini ya mpira wa ekzosi, mahali mpira ulipolalia ukingo wa ubao, ilipata duara jeusi lenye ukubwa wa sarafu, katikati limelowa, pembeni lina masizi. Kwa juu mpira ulikuwa mzima, umeng'aa. Nilipoingiza vidole chini na kuubinya, nikausikia ukifunguka kama midomo miwili. Mtikisiko ulikuwa umeusaga kwenye ukingo ule kwa miaka, na ufa ulikuwa ukifunguka pale tu joto lilipoulainisha na mgandamizo ukapanda. Tangu hapo naukagua mpira wa ekzosi kwa vidole, upande wa chini, urefu wote, ukiwa na moto wa kuvumilika, nami naweka kipande cha mpira kila unapogusa ubao.

Mafla ya plastiki ikaguliwe kwenye mishono na kwenye shingo za kuingilia na kutokea, kwani ikipata moto wakati ambapo maji ya kupozea yalikatika, hupinda na kupasuka taratibu. Na iwapo injini inasumbua kuwaka wakati wa majaribio haya, usiendelee kuzungusha stata huku koki ya maji ya bahari ikiwa wazi. Pampu itakuwa inajaza mafla bila moshi wa kuyasukuma maji nje, na yakizidi yatapanda hadi kwenye injini.

Maji yakija shafti inapozunguka

Glandi ya pakingi ina kamba za kuziba zilizobanwa kuizunguka shafti, nayo huhitaji unyevu ili isiungue. Matone machache inapozunguka, na kukauka au kukaribia kukauka inaposimama, ndiyo hali njema. Yakizidi, legeza nati ya kufungia, kaza nati kubwa kwa sehemu ya sita ya mzunguko, yaani bapa moja la nati, rudisha ya kufungia, kisha endesha dakika 15 na uguse glandi baada ya kusimamisha shafti. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishika, umekaza kupita kiasi. Nati ikiwa imefika mwisho wa uzi wake na matone hayapungui, pakingi imekwisha: toa kamba zote za zamani, hata ile ya ndani kabisa inayopenda kubaki, ukate mpya kwa mshazari wa nyuzi 45, na upange viungo vyake visifuatane upande mmoja. Kazi hiyo ifanyike chombo kikiwa nchi kavu, ila kwa mwenye uzoefu na vifaa vya kuzibia mkononi.

Sili za uso kwa uso, ambazo hukandamiza pete ya kaboni kwenye pete ya chuma kisichoshika kutu, hazitakiwi kudondosha kabisa zikiisha kuzoeana. Zinapovuja hazidondoshi chini. Zinarusha maji kwa mzunguko wa shafti. Ndiyo maana karatasi iliyo chini yake inaweza kubaki kavu. Tazama mbavu za ngama na chini ya kifuniko cha injini: utaona mstari mwembamba wa chumvi, kama unga uliopulizwa kwa kufuata uzi, uliosimama sawia na mahali pete mbili zinapokutana. Mstari huo ni ushahidi usio na shaka. Sababu zaweza kuwa takataka kati ya pete, mpira wa bereu (wenye mikunjo, unaozikandamiza pete) uliochoka na kupoteza mbano wake, au pete ya chuma iliyoteleza kwenye shafti.

Kabla ya kununua sili mpya ya aina yoyote, uliza kwa nini ya zamani imekufa. Injini isiyolingana na shafti huitikisa glandi upande hadi upande, na hakuna pakingi itakayodumu hapo. Fungua flanji mbili za kiungo, yaani sahani zinazounganisha injini na shafti, na upime nafasi kati yake kwa kijiti cha kupimia, pande nne. Tofauti isizidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za kipenyo cha flanji. Kipimo hiki kifanyike chombo kikiwa majini na nyaya za mlingoti zikiwa zimekazwa, kwani umbo la chombo kilicho juu ya magogo si lile lililo majini. Kagua pia beringi ya mpira iliyo karibu na rafadha na vikalio vya injini vilivyolainika kwa dizeli.

Kitu cha mwisho hapa ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote: mpira mfupi unaounganisha glandi na bomba la shafti. Uko chini ya usawa wa bahari, unazungukwa na mtikisiko, na klipu zake hushika kutu upande wa chini ambako hakuna anayetazama. Kila mwisho uwe na klipu mbili. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini ya maji huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika, na mpira huo ukichomoka nafasi inayobaki inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Ukiona nyufa za uchovu au klipu iliyolika, acha majaribio na upandishe chombo.

Mashua zisizo na shafti ndefu, zinazotumia saildraivu, yaani mguu wenye rafadha unaoshuka moja kwa moja kutoka kwenye injini, hazina glandi. Zina kiwambo kikubwa cha mpira kinachozuia bahari pale mguu unapopita. Kiwambo hakitakiwi kupitisha hata tone. Unyevu wa chumvi kukizunguka si jambo la kuangalia wiki ijayo. Baadhi ya watengenezaji huagiza kibadilishwe kila baada ya miaka saba. Soma kitabu cha injini yako na uangalie tarehe iliyochapwa kwenye kiwambo. Oili ya mguu iliyogeuka kama maziwa ni tatizo jingine, la sili za rafadha, nalo haliingizi maji chomboni.

Maji yakisubiri mwendo

Mashua inayosukumwa kwa injini hadi karibu na kikomo cha mwendo wake hujitengenezea wimbi lenye kilele omoni, yaani mbele ya chombo, na kingine nyuma ya tezi, na kadiri inavyolazimishwa, tezi hukaa chini zaidi. Kikomo hicho, kwa maili za baharini kwa saa, ni takriban 2.43 mara kipeuo cha pili cha urefu wa usawa wa maji kwa mita. Chombo cha mita 9 hufikia karibu maili 7.3. Kwa tanga huenda ukawa mwendo huo huufikii mara nyingi, lakini injini yenye nguvu hukufikisha na kukuweka hapo saa nzima. Vitu vilivyokuwa juu ya maji gatini sasa viko chini yake.

Cha kwanza kukagua ni bomba la mhimili wa usukani. Katika mashua nyingi mdomo wake uko juu kidogo tu ya usawa wa maji, na sili yake, kwa kuwa haiguswi na maji siku nyingi, hukauka na kupasuka bila kujulikana. Mtu alale ndani ya kabati la tezi na tochi wakati wa dakika 10 za mwendo wa juu. Maji yatapanda kulizunguka bomba na kuchuruzika, na mwendo ukipunguzwa yatakoma ndani ya sekunde chache.

Cha pili ni tundu la pampu ya ngama. Likizama, bahari huweza kurudi kwa sifoni kupitia mpira uleule unaotolea maji, na pampu ya kujiwasha itakuwa inatoa maji na kuyapokea tena. Dalili ni pampu inayowaka kila baada ya dakika chache huku kiasi kisibadilike. Chomoa mpira kwenye pampu, uelekeze mdomo wake ndani ya ndoo, na uende kwa mwendo: ndoo ikijaa, pandisha mpira kwa upinde mrefu wenye vali ya hewa. Vali ya upande mmoja peke yake haitoshi, kwani unyoya mmoja wa takataka huiacha wazi.

Baada ya hapo zimebaki bolti za ngazi na za usukani zilizopita katika ukuta wa tezi, mishono ya mabomba ya kutolea maji ya sitaha, na tundu la ekzosi lenyewe pale linaposhikana na ubavu. Usiisahau omo pia: wimbi la mbele hupanda hadi vitundu vya chumba cha nanga, na chumba hicho kikiwa na ufa wa kupitisha waya, maji yatasafiri chini ya sakafu hadi nyuma na kuonekana kana kwamba yametoka kwenye injini.

Ukishakarabati, rudia mfululizo uleule, kwa muda uleule na karatasi mpya, hata kama unajiamini. Mivujo miwili hukaa pamoja chombo kimoja mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na mkubwa ukizibwa ndipo mdogo unapoonekana. Andika kiasi cha maji na saa za injini katika daftari la chombo, karatasi ya hatua iliyolowa ukaibandike kando ya maandishi hayo, na urudie kupima baada ya saa 10 za safari.